Kiti Chini ya Dirisha

Inspekta Casimir Bwalya aliuliza swali lile lile tena, na Vital akaangalia viatu vyake tena.

"Ulikala wapi?"

"Karibu na kitanda, ba inspecteur. Ni bile niliandika mu ile karatasi."

"Karatasi nilishasoma. Nakuuliza wewe. Kichwa ya mama ilikuwa upande ya mulango ao upande ya dirisha?"

Vital aliizungusha kofia yake magotini. Alikuwa mfanyabiashara wa unga na mafuta ya mawese, mtu mnene wa Butembo, kule Kivu, aliyeshuka Lubumbashi na lori moja miaka mingi iliyopita, akaoa, akabaki. Sokoni mdomo wake haukukosa jibu hata siku moja. Leo alikuwa kama mtoto aliyeitwa mbele ya ubao.

"Upande... ya ukuta," akasema.

"Kila kitanda iko na upande ya ukuta, Vital!"

Inspekta akatupa kalamu mezani. Tangu askari wa zamani wakimbie na askari wapya waingie kutoka upande wa Kivu, ofisi hii ya parquet, ya waendesha mashtaka, haikuwa na mashine ya kuandikia, wala vioo madirishani, wala kiti cha pili. Mshtakiwa alikuwa amekalia kasha la soda. Mshahara ulikuwa hadithi ya zamani. Jina la nchi lenyewe lilikuwa limebadilika juzi juzi, redioni, na hakuna aliyekumbuka kuwaambia watu wenye mihuri. Bwalya aliandika maelezo ya watu nyuma ya makaratasi ya kesi zilizokufa, kwa herufi ndogo kama mtama, ili nafasi isimwishie.

Mbele yake kulikuwa na karatasi moja ya daftari iliyokunjwa kunjwa. Ulikuwa wosia wa mama Virginie, mjane wa dereva wa gari-moshi, aliyekufa huko Annexe, pembezoni mwa mji, juma lile la milio ya bunduki. Ulisema mambo machache. Nyumba ya mbele, ile kubwa ya matofali ya kuchoma, pamoja na shamba, ni ya watoto wake wawili, Faustin na Delphine. Nyumba ndogo ya nyuma, chumba kimoja na baraza, ni ya Dorcelle, mwanamke asiye ndugu yao wa damu, aliyemwosha na kumlisha mama huyo miaka yote ya ugonjwa. Chini palikuwa na tarehe, na maneno haya: *Imeandikwa na mimi Vital, mukwe wake, nikiwa nimekaa karibu na kitanda chake, nikisikia kila neno kutoka kinywa chake.* Mwisho kabisa, jina Virginie, kwa herufi kubwa zilizolala upande kama miti iliyosukumwa na upepo.

Faustin ndiye aliyeleta mashtaka. Alisema shemeji yake alimfanya mgonjwa atie sahihi kwenye karatasi tupu, kisha akajiandikia anavyotaka. Ikiwa ni kweli, Vital angekwenda Kasapa, na si ile Kasapa ya wanafunzi wa chuo kikuu, ile nyingine, ya gereza. Na Dorcelle angetoka nje na mafurushi yake Jumapili hii, maana Faustin alikwisha kupata mtu wa kununua ile nyumba ndogo.

Mlango ulikuwa wazi. Haukuwa na kitasa cha kuufungia. Faustin, aliyekuwa anangoja barazani, alishindwa kuvumilia, akaingia: mtu mrefu, fundi wa reli, mikono yake bado ina weusi wa grisi ingawa vichwa vya treni vilikuwa vimelala tangu zamani.

"Ba inspecteur, samahani. Weye uko muntu ya kwetu. Nakuuliza paka kintu kimoja tu. Mukwe anaingiaka mu chumba ya mama mukwe?"

"Haingiake."

"Hata kama nyumba inaungua?"

"Anaita muntu mwingine."

"Voilà!" Faustin akapiga kofi la mikono. "Na huyu hatuyamuingiza bado! Shiye wenyewe, ku mila yetu, hatuyamuingiza. Na anasema alikala karibu na kitanda, kama daktari!"

Bwalya hakuhitaji kuelezwa. Katika jamaa za namna ile, mukwe husalimia mama wa mke wake kutoka uani, macho chini. Hali naye. Haketi naye. Hapiti mlango wa chumba chake, mpaka siku ya kumwingiza: wazee wa mume wanaleta mbuzi, wanawake wa mke wanapika vyungu vingi, na mama mwenyewe anamshika mukwe mkono na kumvusha kizingiti. Wazee wa Vital walikuwa Butembo. Vita ilikata njia, mbuzi hakuja, na kizingiti kilibaki kizingiti.

"Vital," inspekta akasema taratibu, "unasikia hesabu yenyewe. Ao uliingia mu chumba ya mama mugonjwa, ukamuvunjia heshima. Ao hukuingia, na uliandika bongo, maneno ya uongo. Chagula."

"Sikuingia." Jibu lilitoka haraka, kama mtu aliyechomwa. "Mungu anaona, sikuingia."

"Kwa hiyo uliandika bongo."

"Maneno ni ya mama!"

"Uliyasikia ukiwa wapi?"

Vital akaangalia viatu vyake.

"Unaona!" Faustin akapaza sauti. "Bantu ya Kivu, leo banaona mji ni yabo. Banafikiri kila parcelle ni ya kuokota!"

"Faustin, toka inje. Na weye Vital, enda nyumbani, lakini usivuke mji. Saa ya jua kugeuka mukuwe wote kule ku parcelle ya mama. Muite na Delphine."

Walipotoka, inspekta alibaki akiitazama ile sentensi ya chini. Mwizi wa kweli angeandika kitu ambacho watu wa hapa wanaweza kuamini. Uongo wa kijinga namna hii ulimchokoza kama punje ya mchanga katika jicho.

* * *

Parcelle ya mama Virginie, kiwanja chenye nyumba zake mbili, ilikuwa mwisho wa Annexe, pale ambapo barabara inachoka na kugeuka mashamba. Mahindi yalikwisha kuvunwa. Mabua makavu yalikuwa yanapigana pigana na upepo. Uani, majivu ya moto wa matanga yalikuwa bado hayajazolewa, na nguzo mbili za hema zilisimama bila hema.

Dorcelle alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, chini ya ukuta wa jiko. Mwanamke mwembamba wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, binti wa rafiki wa mama Virginie kutoka Mitwaba. Alipomwona mtu wa serikali anashuka kwenye baiskeli, mchi wake haukusimama.

"Mulikuya kunitosha mu nyumba?"

"Bado, mama."

"Basi mukale. Nitawapa mayi."

Inspekta alikunywa maji, akashukuru, akaomba kuona nyumba ya nyuma. Dorcelle alimfungulia. Ndani, mifuko ya unga ilikuwa imepangwa mpaka inagusa miti ya paa. Katikati yake kulibaki ujia mwembamba, na katika ujia huo mkeka wake umekunjwa.

Bwalya akapiga mluzi mdogo. Hapo sasa. Mukwe anamfanya mgonjwa atie sahihi, nyumba inapewa mwanamke asiye na mtu, na mwanamke anamwachia mukwe ghala la bure.

"Unga ya nani?"

"Ya Vital."

"Tangu lini?"

"Tangu bantu balianza kusema askari banakuya. Duka yake iko mu centre, bangeivunja. Mama njo alisema alete. Alisema askari hawezi kutafuta unga ku muntu anayekufa."

"Na kisha Vital akaona fashi hii ni nzuri ya kuweka bintu. Akaona bora ibakie kuwa depo yake."

Dorcelle akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyevaa shati ndani nje.

"Ba inspecteur, kama aliitaka, juu ya nini asiandike jina ya bibi yake? Delphine ni mutoto ya mama. Nani angeuliza? Na tazama mwenyewe bile nalala. Nikigeuka, mufuko unanigonga. Kila siku namwambia atoshe unga yake. Anasema kesho."

Inspekta alikuwa amekanyaga baiskeli kutoka mjini kwa ajili ya njia hii, na njia ilikuwa imekufa kabla jasho halijamkauka. Aliandika "unga" katika karatasi yake, akakata.

"Nionyeshe chumba ya mama."

Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Kitanda cha chuma ukutani, moja kwa moja chini ya dirisha. Dirisha halikuwa na kioo. Lilikuwa na waya wa mbu na kibao cha mti kinachofungukia nje. Pembeni mwa kitanda, kigoda, na juu yake kopo la chuma, jeupe lenye mdomo wa buluu, lililobanduka rangi chini mviringo mzima. Kigoda nacho kilikuwa na vijidonda, kimoja juu ya kingine, kama vile kuku alikuwa anakidonoa.

"Kopo hii?"

"Ya mama. Akitaka kintu, anapiga. Akikasirika, anapiga. Shiye wote tulijua sauti yake."

Kwenye ubao wa ukutani kulikuwa na mikebe ya maziwa ya zamani, na kila mkebe ulikuwa na maandishi ya makaa. CHUMVI. UNGA YA UJI. Mkebe wa mwisho uliandikwa: DAWA YA MIGUU, ASUBUI NA MANGARIBI TU, DORCELLE USISAHAU. Herufi kubwa, zilizolala upande kama miti iliyosukumwa na upepo.

Inspekta akauchukua mkebe ule, akautoa karibu na mlango, kwenye mwanga.

"Nani aliandika hii?"

"Mama."

"Akiwa angali muzima?"

"Hapana. Hii ya dawa aliandika akiwa mu kitanda, mvua ya mwisho. Alinikasirikia juu nilimupa na saa sita. Mimi sijui kusoma, ba inspecteur, lakini alisema, ukiona makaa utakumbuka hasira yangu."

Bwalya akaliweka kopo kitandani, akakaa juu ya kigoda bila kuombwa.

"Aliweza kuandika," akasema. "Mkono ilikuwa muzima. Akili ilikuwa muzima. Alikuwa na makaa, alikuwa na kalamu. Na akaomba mukwe."

"Ndiyo."

"Juu ya nini, mama? Juu ya nini?"

Dorcelle alikuwa ameanza kukipangusa kigoda kingine ambacho hakikuwa na vumbi.

Inspekta akatoka nje kwa hasira, akazunguka nyumba, kwa sababu alitaka kupiga teke kitu na ndani hapakuwa na kitu cha kupigwa. Ndipo alipofika chini ya dirisha.

Kulikuwa na tuta la mboga, lenga-lenga, limepandwa sambamba na ukuta. Katikati ya tuta, mimea ilikuwa mifupi kuliko mingine, kama iliyovunjwa ikachipuka upya. Na baina ya mimea na ukuta, katika udongo mwekundu uliokauka kama tofali, kulikuwa na matundu manne. Akachuchumaa. Akaingiza kidole. Matundu yalikuwa marefu mpaka kiungo cha pili. Udongo huu sasa usingekubali hata msumari. Ulitobolewa mvua ilipokuwa inanyesha, na mtu mzito.

Akaenda jikoni, akakichukua kiti cha mti cha pekee kilichokuwa pale. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umevunjika ukaungwa kwa bati na misumari. Akakiweka juu ya matundu. Miguu iliingia yote, kama mkono katika mfuko. Tundu la mguu wenye bati lilikuwa pana kuliko mengine, na kuta zake zilikuwa na michirizi ya misumari. Lilikuwa upande wa mimea, mbali na ukuta. Yaani mtu aliyekaa hapa alikuwa amelipa dirisha mgongo.

Bwalya akakikalia kile kiti. Mbele yake palikuwa na lenga-lenga, mabua ya mahindi, na mbingu. Nyuma ya kisogo chake, dirisha la mama Virginie.

"Mukwe," akasema peke yake. "Mukwe mupumbavu, mwenye heshima."

* * *

Walipofika wote, aliwasimamisha hapo hapo, mbele ya tuta: Faustin na mikono kifuani, Delphine na mtoto mgongoni, Vital na kofia yake, na Dorcelle nyuma kidogo, bado ana majani ya sombe vidoleni.

"Ulikala hapa, Vital. Na mugongo yako ku dirisha."

Vital akavuta pumzi, mabega yakashuka.

"Ndiyo, ba inspecteur."

"Mvua ilikuwa inanyesha."

"Ilinyesha vibaya. Nilifunika karatasi na kofia."

Faustin akacheka kwa nguvu. "Mu lenga-lenga! Kama mwizi ya kuku!"

"Kama mukwe," Delphine akamjibu kaka yake. "Weye ku buko yako, kwa bazazi ya bibi yako, unakalaka wapi, yaya Faustin? Ku salon?"

Faustin akakoma kucheka.

"Na juu ya nini uliandika 'karibu na kitanda'?" inspekta akauliza.

"Kuko muntu anaandikiaka bantu barua, pale karibu na posta. Nilimwomba mufano ya testament, ya wosia. Mufano yake ilisema 'karibu na kitanda'. Nikawaza, nikiandika 'inje, mu lenga-lenga, mu mvua', watachekelea mama. Nikaacha ya mufano."

"Ulifuata mufano, na mufano njo inakupeleka Kasapa."

"Mi nilitaka ikuwe vizuri, ba inspecteur."

"Faustin. Ingia mu chumba ya mama yako. Kala ku kitanda. Sema kintu, sauti ya chini, kama mugonjwa. Sema kintu unataka."

Faustin akaingia. Inspekta akaketi katika kiti, mgongo dirishani, mikono magotini. Kulikuja mnong'ono, kama maji yanayochemka mbali. Ulikwenda, ukarudi, ukakoma. Faustin akatoka.

"Ulisema nini?"

"Nilisema beau-frère yangu Vital ni mukubwa ya babongo."

"Sikusikia hata neno moja. Na mimi masikio yangu ni mazima." Akamgeukia Vital. "Sasa weye, na mvua ku bati, ulisikia nini? Umeandika 'kila neno kutoka kinywa chake'."

Vital hakuangalia viatu safari hii. Alimwangalia Dorcelle. Wote wakamwangalia Dorcelle.

"Mimi njo nilikuwa kinywa," akasema.

"Eleza."

"Nilisimama karibu na dirisha. Mama anasema, mimi namwambia Vital, Vital anaandika. Kisha nikapokea karatasi, mama akasoma, akatia jina. Ilikuwa bile. Delphine alikuwa amekwenda kuchukua bintu ku mupaka, mimi sijui kuandika, na yule notaire ya mjini, mwenye kuandika wosia kisheria, alishafunga, alishakimbia. Nilimwambia mama, andika mwenyewe. Alikataa. Alisema maneno ya mikebe ni ya mikebe. Maneno ya nyumba yanaomba mwandiko muzuri, na ya Vital ni kama ya mupadri. Alitaka kumupa mukwe heshima."

Inspekta akavua kofia yake, akajifuta paji la uso, akaivaa tena. Kisha akaanza kutembea, kutoka kiti mpaka nguzo ya hema, na kurudi.

"Heshima! Munajua mulifanya nini na ile heshima? Sheria inaomba kintu kidogo. Muntu anayeandika testament ku nyumba, aandike yote na mkono yake mwenyewe, tarehe, na jina yake. Hata kama mwandiko ni mubaya. Hata kama ni kama njia ya konokono! Ao aende mbele ya mukubwa ya serikali anayeandika. Hapa mama alikuwa na mkono. Aliandika dawa ya miguu muzuri kabisa! Lakini nyumba, hapana, nyumba ikaandikwa na mukwe. Na mukwe hakusikia. Na mwenye kusikia ni nani? Ni ule ule anayepewa nyumba! Hakuna muntu mwingine. Hakuna sikio ingine!"

"Donc nilishinda," Faustin akasema.

"Hukushinda. Hapa hakuna mwizi. Vital aliandika yale aliyoambiwa, na mama alisoma, na jina ni yake, nimeilinganisha na mikebe. Mashtaka yako inaanguka." Akasimama. "Lakini karatasi nayo inaanguka. Ni ya kweli, na haina nguvu. Nitaandika hivyo. Nyumba ya nyuma inarudi ku watoto, kama vile mama hakusema kintu."

Dorcelle alikuwa anachambua jani la sombe katika kidole chake. Alilitoa, akalitupa.

"Jumapili ni karibu," akasema. "Naomba paka munisaidie kubeba mitungi."

"Ba inspecteur," Vital akasema. "Kuko kintu kimoja."

"Kingine?"

"Mulisema sikusikia mama. Nilisikia mara moja. Kopo. Ko! Ko! Ko! Kisha sauti yake, na nguvu: 'Yote!' Dorcelle akakawia. Kisha akaniambia: andika, nyumba ya nyuma ni ya Dorcelle. Nilishangaa, juu hiyo haikukuwa neno ya kupigia kopo."

Inspekta aliingia ndani mwenyewe, na wale wa nje wakasikia: ko! ko! ko! Sauti ilipita waya wa mbu kama vile hakukuwa na ukuta. Mtoto wa Delphine akashtuka mgongoni. Faustin naye akashtuka, akaweka mkono kichwani, bila kujua.

"Ile kopo," akasema, "nilikulia nayo mu kichwa."

Inspekta akarudi na kopo mkononi, akampa Faustin alishike.

"Mama Dorcelle. Yote nini?"

"Haina faida tena. Mulishasema karatasi ilianguka."

"Nakuuliza mu kazi yangu."

"Sema," Faustin akasema. "Sema, ni mama yangu."

Dorcelle akaangalia dirisha.

"Parcelle yote. Nyumba ya mbele, ya nyuma, na shamba. Nilimwambia, mama, siwezi kutosha maneno kama hayo mu kinywa yangu mwenyewe, bantu batanionaje. Akapiga kopo. Mi nikamwambia Vital ya nyuma. Alipoletewa karatasi akasoma, akaniangalia, akasema: 'Mujinga weye.' Akatia jina. Hakunisemesha mpaka kesho yake."

"Na juu ya nini yote?" Sauti ya Faustin ilikuwa imeshuka. "Tulimukosea nini?"

"Hapana kumukosea. Alisema: Faustin iko na bibi yake na reli yake, hata kama reli inalala. Delphine iko na bwana yake. Dorcelle huyu iko paka na mimi tu, na mimi nakwenda."

Faustin aliligeuza kopo, akapitisha kidole chake cheusi pale lilipobanduka rangi.

"Kupana yote ku muntu mwingine, sheria isingekubali," inspekta akasema, na alikuwa amechoka. "Watoto banakingwa, muntu hawezi kubatosha mu mali ya mama yabo namna ile. Hata hapo mama alikosea. Alikosea kila fashi. Na huyu hapa, bila kujua sheria, akapunguza." Akakunja karatasi zake. "Mimi nilimaliza. Faustin, uko huru kuuzisha. Sina nguvu ya kukukataza. Kama mama angeandika mistari mitatu na mkono yake, hata ku mukebe, ningekuwa na nguvu ile."

Akaishika baiskeli.

"Mi sehemu yangu ya nyumba ile, namwachia Dorcelle," Delphine akasema. Hakumtazama kaka yake. Alikuwa anafunga upya kitambaa cha mtoto. "Weye fanya bile unataka, yaya Faustin."

"Na muntu yangu ya kununua? Nitamwambia nini?"

"Mwambie ilijaa unga."

Vital alikohoa. "Nitatosha unga leo. Vraiment. Leo."

"Kesho," Dorcelle akasema, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulikaribia kucheka.

Faustin alisimama pale muda mrefu, mtu mrefu na kopo dogo. Kisha akaliweka juu ya kiti, taratibu, kama inavyowekwa kitu kilichojaa.

"Leta karatasi, ba inspecteur. Tuandike: shiye watoto tunakubali maneno ya mama, ya nyumba ya nyuma." Akamgeukia shemeji yake. "Haya beau, kamata kalamu. Weye uko na mwandiko ya mupadri."

Vital akatoa kalamu mfukoni.

"Hapana!" Inspekta aliiangusha baiskeli katika lenga-lenga. Aliruka tuta, akampokonya Vital kalamu, akaitia katika vidole vya Faustin na kuvibana kwa nguvu. "Mamawe! Hamusikie? Na mkono yako! Yako mwenyewe! Na Delphine na mkono yake, chini. Na kesho asubui tunaipeleka ku commune, ku ofisi ya serikali, kabla wabadilishe tena wakubwa!"

"Mwandiko yangu ni mubaya."

"Njo vizuri! Ikuwe mubaya kabisa, bantu bajue ni yako!"

Faustin akapiga goti, akalisogeza kopo, akaweka karatasi ya inspekta juu ya kiti kilichokuwa bado kimesimama katika matundu yake, akaanza. Aliandika kama mtu anayefungua skrubu yenye kutu, ulimi nje kidogo, na kila herufi ilikuwa na ugomvi na jirani yake. Inspekta alisimama juu yake, hapumui. Dorcelle alikuwa amegeuka upande wa mashamba.

Baada ya mistari michache, kalamu ikasimama hewani.

"Ba inspecteur. Tarehe naandika. Lakini fashi, jina ya inchi... Niandike Zaïre ao Congo?"

Bwalya akafumba macho.

"Andika Lubumbashi," akasema. "Lubumbashi haiyahama."